Filamu za Super 8 zenye mstari wa sauti: nizicheze, niziuze au nibadilishane?

SWALI: Nimenunua mnadani boksi lenye rili 14 za Super 8, yaani filamu za sinema za nyumbani zenye upana wa milimita 8, pamoja na projekta ya sauti. Rili tisa zina mstari wa kahawia pembeni, na mbili kati ya hizo zinanuka siki. Nilipoijaribu moja, sauti ilitoka hafifu na ikawa inayumba. Ndani ya boksi kuna pia katriji mbili za sauti (makasha ya filamu mbichi ya kuweka kwenye kamera) ambazo hazijafunguliwa. Nataka kubaki na chache, zilizobaki nibadilishane na wakusanyaji wengine. Nianzie wapi, na nimweleze nini atakayezichukua?

JIBU: Anza kwa kuizima projekta, kisha bandika kipande cha selotepu juu ya kitufe cha kurekodi. Projekta nyingi za sauti za enzi hizo zilikuwa pia vinasa sauti. Kichwa cha kufutia kimekaa palepale kwenye njia ya filamu, na kikiwashwa kwa bahati mbaya, kinafuta kila kinachopita mbele yake. Watu wamepoteza sauti za ndugu zao kwa kubonyeza kitufe "ili kuona kama kinafanya kazi".

Mstari ule wa kahawia ni utepe wa kaseti uliopachikwa kwenye filamu, basi. Picha iliyopauka skana nzuri itaiokoa kwa kiasi, na mikwaruzo mingine inafichika. Sauti iliyofutwa, au iliyobanduka pamoja na mstari wake, haina nakala nyingine popote. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, kuunga, kuuza au kubadilishana, irekodi sauti kwanza. Na kabla ya kuirekodi, jiridhishe kwamba filamu na mashine vinastahili kukutanishwa.

Hakikisha kwanza ulichonacho. Fungua sentimita 30 za mwanzo na uzishike kwenye mwanga wa dirisha huku ukiziinamisha. Upande unaong'aa zaidi ni mgongo, na uliofifia ndio wenye emalsheni, tabaka linalobeba picha. Kwenye filamu zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, mstari wa sumaku uko mgongoni, kwenye ukingo usio na matundu. Una upana wa takriban milimita 0.7, rangi ya kutu, na hauakisi mwanga kama filamu yenyewe. Ukingo wa pili, katikati ya matundu na mwisho wa filamu, kuna mwingine mwembamba zaidi. Huo ni wa kusawazisha, ili rili isinenepe upande mmoja inapozungushwa. Baadhi ya projekta huutumia kama njia ya pili ya sauti, kwa hiyo mashine yako ikiwa na swichi ya njia 1 na 2, sikiliza zote mbili. Ukiona mstari wenye mawimbi uliochapwa ndani ya filamu yenyewe, hiyo ni sauti ya mwanga, inayosomwa kwa taa, na projekta ya sumaku haitaisoma.

Angalia na matundu. Ya Super 8 ni madogo na yako usawa wa katikati ya fremu, yaani picha moja moja ya filamu. Ya milimita 8 ya kawaida ni makubwa, yako kwenye mpaka wa fremu na fremu. Zote mbili huweza kuwa na mstari wa sumaku, lakini umbali kati ya picha na sauti yake ni fremu 18 kwa Super 8 na fremu 56 kwa ile ya kawaida, kwa hiyo kila moja inahitaji mashine yake.

Kuwepo kwa mstari si ushahidi wa kuwepo kwa sauti. Super 8 ilitoka mwaka 1965 bila sauti, na Kodak walileta katriji yenye mstari tayari mwaka 1973. Wengi waliokuwa na filamu za kimya walizipeleka zikawekewe mstari baadaye wakikusudia kuongeza muziki au maelezo, na baadhi hawakufika huko. Rili zako tisa, kwa sasa, ni rili tisa zenye mstari. Ni ngapi zina sauti utajua ukizisikiliza.

Sasa harufu. Siki unayoinusa ni asidi asetiki inayotoka kwenye plastiki ya asetati inapovunjika. Asidi hiyo hiyo huharakisha uvunjikaji uliokwisha anza, na oksidi ya chuma iliyomo kwenye mstari wa sumaku huchochea zaidi. Ndiyo maana katika boksi moja, lililokaa kabati moja, filamu zenye sauti huanza kunuka kabla ya zile za kimya. Zitenge zile mbili leo hii, chumba kingine ikiwezekana, kwa sababu mvuke wake unazidhuru zile nzima zilizo karibu. Usizifunge ndani ya mfuko wa nailoni kwenye joto la kawaida, maana utakuwa umezifungia na asidi yake. Pua nayo inachoka haraka na si kipimo. Kipimo ni vile vikaratasi vya A-D vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani. Weka kimoja ndani ya kopo pamoja na rili, funga, subiri saa 24, kisha linganisha rangi. Bluu ni salama (0), halafu inaelekea kijani, na mwisho njano (3). Filamu iliyofika 1.5 imefika mahali ambapo uharibifu unajiendesha wenyewe. Hiyo ndiyo ya kurekodiwa kwanza, kisha iwekwe baridini.

Filamu za plastiki ya aina nyingine, poliesta, hazipatwi na ugonjwa huu. Kuzitambua, itazame rili kwa ubavu mbele ya taa: ya poliesta hupitisha mwanga na ya asetati huwa nyeusi. Tofauti hii itarudi tukifika kwenye viungo.

Kipimo kinachopuuzwa sana ni cha kusinyaa. Fremu 100 za Super 8 zilizo nzima zina urefu wa milimita 423. Laza kipande cha filamu yako mezani sambamba na filamu mpya ya mwanzo wa rili, panga tundu la kwanza kwa la kwanza, hesabu hadi la 100. Ikiwa yako imepungua milimita 4, imesinyaa karibu asilimia 1, na meno ya projekta yataanza kurarua matundu. Filamu ya namna hiyo ni ya skana isiyotumia meno, haijalishi mashine yako ni nzuri kiasi gani. Iliyojikunja kama mfereji nayo usiilazimishe: mstari hautalala sawasawa kwenye kichwa cha sauti, na utasikia sauti ikija na kupotea.

Twende kwenye sauti hafifu. Kwa fremu 18 kwa sekunde, filamu ya Super 8 hupita mbele ya kichwa kwa sentimita 7.62 tu kila sekunde. Kwa mwendo huo, mlio wa mizunguko 5,000 kwa sekunde, ambako ndiko ziliko herufi kama s na f, huandikwa kwenye mstari kwa wimbi lenye urefu wa milimita 0.015. Uchafu unaoinua filamu milimita 0.005 tu kutoka kwenye kichwa hupunguza mlio huo kwa takriban desibeli 18. Maneno yanabaki mngurumo, kana kwamba mtu anaongea akiwa amejifunika blanketi. Wengi wakisikia hivyo husema sauti "imefifia kwa uzee". Rekodi ya sumaku haififii kirahisi namna hiyo, na mara nyingi tatizo ni kichwa kichafu.

Safisha hivi. Chomoa umeme. Loweka kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kikamue, kisha sugua kichwa kufuata mwelekeo wa filamu. Rudia kwa kijiti kipya hadi pamba itoke nyeupe. Pamba ikitoka na vumbi la kahawia hafifu, hiyo ni kawaida. Ikitoka na vipande, mstari unabanduka, na filamu iliyopita mara ya mwisho isirudi kwenye mashine. Acha dakika mbili pakauke. Roli ya mpira inayobana filamu isafishe kwa maji yenye tone la sabuni, kwa kuwa alkoholi hukausha mpira. Kagua na pedi ndogo inayosukuma filamu kwenye kichwa: ikiwa imekuwa ngumu au imeanguka, usafi pekee hautasaidia. Kichwa chenyewe ukikipitishia ncha ya kijiti cha mbao na kukuta bonde, kimelika. Kitasoma, ila milio ya juu usiitegemee.

Kichwa kilichopata usumaku huongeza mvumo na kinaweza kupunguza milio ya juu ya kila filamu unayoicheza. Kifaa cha kuondolea usumaku kinatumika projekta ikiwa imezimwa na filamu zote zikiwa chumba kingine. Kiwashe ukiwa mbali, kisogeze polepole, kipitishe, kirudishe polepole hadi urefu wa mkono, ndipo ukizime. Ukikizima karibu na kichwa, unakiacha na usumaku zaidi kuliko ulivyokikuta.

Ikiwa sauti ni mngurumo mtupu hata baada ya kusafisha, huenda filamu imegeuzwa na mstari uko upande usiogusa kichwa. Unene wa filamu, kama milimita 0.14, unatosha kuzuia karibu kila kitu. Ikiwa watu wanaongea kinyumenyume, rili ilizungushwa kutoka mwisho.

Kuyumba ni jambo lingine, nalo linataka sikio. Kuyumba taratibu, kama wimbo unaopanda na kushuka, hutokana na belti iliyolegea, roli ya mpira iliyopata bapa kwa kubanwa miaka mingi, au gurudumu zito lenye grisi iliyoganda. Mtetemo wa haraka, sauti ikiwa kama ya mtu anayeongea mbele ya feni, kwa kawaida maana yake ni kwamba kitanzi cha filamu chini ya geti (dirisha ambapo taa humulika picha) kimepotea, na mwendo wa kurukaruka wa picha unafika hadi kwenye kichwa. Simamisha, tengeneza kitanzi upya. Belti za mpira za miaka ya 1970 zina tabia ya kuyeyuka na kuwa kama lami. Uking'oa moja ya namna hiyo, futa kila puli kwa alkoholi kabla ya kuvisha mpya, la sivyo mpya itateleza. Ijaribu mashine kwa filamu isiyo na thamani, angalau mita 15 nzima, kabla haijagusa yoyote ya boksi lako.

Kurekodi sasa. Usiweke maikrofoni mbele ya spika, utarekodi na mota. Tafuta tundu la kutolea sauti nyuma ya mashine. Projekta za Ulaya mara nyingi zina soketi ya DIN ya pini tano, nyingine zina tundu la spika ya nje tu. La spika lina nguvu zaidi, kwa hiyo anza na sauti ya chini kabisa na uongeze. Rekodi kwa 48 kHz, biti 24, vilele vikiwa karibu na -12 desibeli. Usitumie kichujio chochote hapa. Sauti ghafi uitunze, ya kusafisha iwe nakala.

Picha na sauti zikichukuliwa kwa mashine mbili, zitapishana, na hesabu yake ni nyepesi. Rili ya mita 15 ina fremu 3,600, yaani sekunde 200 kwa fremu 18. Tuseme sauti uliyorekodi ina urefu wa sekunde 206.4. Projekta yako ilikwenda fremu 17.44 badala ya 18, na sauti inatakiwa kuharakishwa kwa asilimia 3.2. Tumia ule uharakishaji unaopandisha na mlio, kama kaseti ikizungushwa haraka. Ule unaolinda mlio hapa ni makosa, kwa sababu mlio nao ulishuka. Ukisikia mvumo wa umeme ndani ya rekodi ya zamani, upime: mahali penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo unaosomeka 48.4 unathibitisha hesabu hiyo hiyo. Ila mvumo unaosomeka 50 kamili unaweza kuwa wa projekta yako yenyewe, kwa hiyo usikilize pia filamu ikiwa imesimama.

Kuna kitu kitakachokusumbua usipokijua mapema. Kichwa cha sauti kiko fremu 18 baada ya geti, sekunde moja kamili. Mtu alipokata filamu aliyoipiga kwa sauti na kuunga vipande viwili, picha ilibadilika papo hapo, lakini kiungo kinafika kwenye kichwa sekunde moja baadaye. Kwa sekunde hiyo unaona harusi huku unasikia bahari, na yale maneno ya kwanza ya harusi yalibaki kwenye kipande kilichotupwa. Si kosa la mashine, na usijaribu kulirekebisha kwa kusogeza sauti ya rili nzima.

Viungo vyenyewe vikague kabla ya kucheza, kwa kupitisha filamu polepole katikati ya vidole kwenye mashine ya kuzungushia kwa mkono. Gundi ya filamu inashika asetati tu. Kwenye poliesta haishiki kabisa, na huko lazima tepu ya kuungia. Chagua tepu inayofunika picha na kuuacha mstari wazi. Tepu iliyopanda juu ya mstari inaiinua filamu kwenye kichwa, na tumeshaona milimita 0.005 zinafanya nini. Selotepu ya ofisini haifai hata kwa dakika moja, gundi yake inatoka pembeni na kushikanisha mizunguko.

Vumbi liondoe kwa kitambaa laini kikavu kisichotoa nyuzi, ukibadilisha sehemu kila mita chache. Asetoni inayeyusha asetati. Kimiminika chochote kingine kijaribu kwanza kwenye kipande cha mwanzo kisicho na picha: mistari mingine ilipakwa kama rangi na imeshika vizuri, mingine ilibandikwa kama utepe, na hiyo ya kubandikwa ndiyo inayochomoka kama uzi gundi ikiguswa na kiyeyushi.

Atakayezichukua mwambie haya: aina ya filamu, asetati au poliesta, kasi (18 au 24), kipimo cha A-D, idadi ya viungo, hali ya rangi, na dakika ngapi za sauti umezisikia kwa masikio yako. "Ina mstari" na "ina sauti" ni maelezo mawili tofauti, na ugomvi mwingi wa biashara hii unazaliwa hapo. Urefu ukadirie kwa kipenyo cha rili iliyojaa: milimita 75 ni mita 15, milimita 127 ni mita 60, milimita 178 ni mita 120. Kwa fremu 18, hizo ni dakika 3 na sekunde 20, dakika 13 na sekunde 20, na dakika 26 na sekunde 40.

Rangi inategemea filamu iliyotumika. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ikikaa gizani hudumu ajabu. Nakala za filamu za sinema zilizouzwa kwa Super 8 miaka ya 1970, nyingi zimekuwa za waridi na haziponi. Piga picha fremu chache mbele ya mwanga mweupe umtumie mwenzako, neno "nzuri" halimwambii kitu. Zinazonuka siki usizibadilishe kimyakimya na wala usizitie kwenye kifurushi kimoja na nyingine. Kwangu, iliyovuka 1.5 haina thamani ya kubadilishana. Ina thamani ya kurekodiwa tu.

Anayekuuzia au kukubadilishia filamu anakupa kitu, hakupi hakimiliki. Kuionyesha hadharani au kuipandisha mtandaoni ni suala jingine. Na rili za familia ya watu zina nyuso na sauti zao: kopo likiwa na jina la ukoo, jaribu kuwatafuta kwanza.

Katika kusafirisha, funga mwisho wa filamu kwa tepu ya karatasi isiyong'ang'ania, isiguse mstari, kisha rili iingie kwenye kopo lake. Ikae mbali na spika na sumaku yoyote. Eksirei za uwanja wa ndege haziidhuru filamu iliyokwisha safishwa kwa dawa maabara wala sauti yake.

Katriji zako mbili zimebaki. Kodak waliacha kutengeneza filamu ya Super 8 yenye mstari mwaka 1997, kwa hiyo hata mpya kuliko zote ni ya zamani. Soma lebo. Ikiwa ni Kodachrome, usafishaji wake wa rangi kwa dawa za maabara, uitwao K-14, ulikoma mwanzoni mwa 2011, na kinachowezekana ni picha nyeusi na nyeupe kwenye maabara inayokubali kazi hiyo. Ektachrome ya zamani, filamu nyingine ya rangi ya Kodak, nayo usiipeleke kwenye dawa za kusafishia za E-6 kabla ya kuiuliza maabara kama inaijua filamu hiyo. Usitarajie kurekodi tukio lisilojirudia kwa katriji hizi. Umbo lake nalo linazuia: katriji ya sauti ni ndefu kwenda chini ili kichwa cha sauti kipate nafasi, hivyo haiingii kwenye kamera ya kimya, ingawa kamera ya sauti hupokea zote mbili. Mwenye kamera ya sauti inayofanya kazi na anayependa majaribio atazifurahia. Mbadilishie kama vitu vya kukusanya, ukiandika tarehe ya kwisha muda kama ilivyo kwenye boksi. Hizo, tofauti na rili, eksirei huziharibu.